Mpaka wa Jimbo Unapopita Ihumwa



Hadi uchaguzi wa 2020, mkazi wa Ihumwa na mfanyabiashara wa Soko la Majengo, katikati ya mji wa Dodoma, walikuwa na mbunge mmoja. Tarehe 12 Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane. Jimbo la Dodoma Mjini likagawanywa, na huku kwetu mashariki tukawa watu wa Jimbo la Mtumba.

Jimbo letu lina kiti kimoja. Anayeongoza kwa kura anakichukua, hata kama hakufikisha nusu, na wa pili hapati kitu. Ndiyo maana mpaka ni jambo zito: unaamua shida ya nani itafika bungeni.

Hatukuanza hivi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Chama cha TANU kilibishana sana juu ya sharti hilo Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki. Mwaka 1965 wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, waligombea kiti kimoja bila kujali rangi.

Sababu ya kutugawa inajulikana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilihamia Dodoma, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, jirani yetu. Kipimo cha Tume kwa jimbo la mjini kilikuwa watu 600,000. Lakini Ibara ya 75 ya Katiba inataka pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia zizingatiwe, na hapo ndipo Ihumwa ina la kusema. Tuna reli, bandari kavu na barabara kuu ya Morogoro. Mzee aliyelima uwele hapa anaona shamba lake likipimwa viwanja. Anauliza habari za fidia, wakati mwenzake wa katikati ya mji anauliza habari za mitaro na maegesho. Mbunge mmoja angeweza kuwasikia wote wawili, ila mwenye sauti ya karibu husikika kwanza.

Wajapani wamelipitia jambo hili la mipaka kinyume chetu: sisi tuligawanywa, wao waliunganishwa. Mwaka 2012 Mahakama yao ya Juu iliona kwamba tofauti ya uzito wa kura katika Baraza la Juu, mara tano kati ya jimbo na jimbo, haiendani na Katiba. Hivyo mwaka 2016 mikoa yenye watu wachache iliunganishwa: Tottori na Shimane jimbo moja, Tokushima na Kochi jingine. Hesabu ilinyooka, lakini Kochi ikawa mkoa wa mwisho nchini kwa idadi ya waliojitokeza kupiga kura. Naamini watu waliona wamepotezewa mtu wao.

Maombi ya kugawa jimbo hupita kwenye vikao vya halmashauri na kamati za ushauri za wilaya na mkoa. Mkutano wa mtaa haumo. Naomba tuuingize. Katiba inataka mipaka ichunguzwe angalau kila baada ya miaka kumi. Basi kila mwenyekiti wa mtaa aliyeko hapa aitishe mkutano wa wakazi, waseme wanakwenda wapi kutafuta hospitali, soko na ofisi ya ardhi, na muhtasari wa mkutano huo upelekwe kwa diwani ukiwa na saini zao.