Uchovu wa Kazi: Wenzako Wana Nafasi Gani?

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili tatu za uchovu uliokithiri wa kazi: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi yako au kuiona vibaya, na kuona hufanyi lolote la maana. Chanzo chake ni msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa.

Mtafiti wa Marekani, Christina Maslach, ameonyesha kuwa wingi wa kazi si sababu pekee. Kutothaminiwa, upendeleo na uhusiano mbaya kazini huchangia pia.

Chukua muuguzi anayemaliza zamu ya usiku. Mwenzake akimwambia, "Pole kwa usiku, nenda kapumzike, dripu ya kitanda cha nne nitaibadilisha mimi," anaondoka akiwa na moyo wa kurudi. Akipokewa kwa lawama kila asubuhi, ari yake hufifia.

Viongozi, gaweni zamu kwa haki na mshukuru wanaojituma. Nawe msikilizaji, ukiona mwenzako amekuwa mkali au mkimya kuliko kawaida, mfuate, msikilize bila kumhukumu. Hali ikizidi, msindikize kwa mtoa ushauri nasaha mapema.