Jaketi ya baridi: tuchague namna gani

Mwezi wa sita hapa ku Golf, asubuhi baridi inauma kweli. Mwaka jana tulinunua majaketi ya polari kwa kuangalia unene tu. Zipu zikakufa mbele ya mwezi wa nane. Kosa ilikuwa yetu. Sasa tunafunga na kufungua zipu mara kumi, tunainua kitambaa ku mwangaza: mwanga ukipita sana, tunaacha. Polari inakauka mbio, lakini upepo unapita. Wa zamu ya usiku avae koti juu. Tena ni poliesta, moto unaiyeyusha: mtoto asikae nayo karibu na mbabula. Nyeupe hatukuchukua, vumbi ya kiangazi munaijua. Feza za wafadhili zinatosha jaketi moja kwa kila jamaa. Tunaanza na watoto wa masomo.