Siku ya Kupanda Meli: Kutoka Migori Hata Sitahani



Mtu aliyezaliwa karibu na maji hudhani kwamba anayajua maji. Huko Muhuru na Karungu, katika sehemu za Migori zinazopakana na Ziwa Victoria, mtoto hujifunza kushika kasia kabla hajashika kalamu, na mtumbwi kwake si kitu cha kustaajabisha. Hata hivyo, siku mtu huyo apandapo meli kubwa kwa mara ya kwanza hujiona mgeni kabisa. Mazungumzo haya ni juu ya siku hiyo, na juu ya mtu mmoja ambaye msafiri mgeni, kwa wingi wa mshangao wake, aghalabu humpita bila kumtazama: karani asimamaye penye ngazi ya kupandia, na kitabu mkononi.

Na ichukuliwe kwamba mwaka ni 1961, na msafiri ni kijana wa Migori aliyepata barua kutoka kwa baba yake mdogo aliyeko Mwanza, ya kwamba kazi imepatikana. Wasafiri wa namna hiyo walikuwa wengi. Wajaluo wa Nyanza ya Kusini wamekuwa wakivuka kwenda Musoma na Mwanza tangu zamani, wengine kutafuta mishahara na wengine kutafuta mashamba, hata Bibi Grace Ogot akatunga kitabu juu ya mume na mke waliohamia Tanganyika kwa sababu hiyo, kikatolewa mwaka 1966 kwa jina la The Promised Land. Barabara ya kwenda kusini ilikuwapo, lakini mvua za masika ziliigeuza kuwa tope, na mwenye sanduku na magunia aliona heri kupita majini.

Basi kijana huyo aliondoka Migori kwa basi, akapita Awendo na Rongo, akashuka Homa Bay akiwa mwekundu kwa vumbi. Kilima cha Asego huonekana kwanza, kimesimama peke yake kama chungu kilichofunikwa, kisha ziwa, kisha gati. Hapo gatini ndipo safari ilipoanza hasa. Palikuwa na marobota ya pamba, magunia ya mahindi na karanga, mafungu ya ngozi, vikapu vya samaki wakavu, na kuku waliofungwa miguu ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri. Makuli walipita wakipiga kelele watu wapishe njia. Jamaa waliokuja kuaga walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakisafiri, na kila mmoja alikuwa na ujumbe wa kupeleka.

“Ukifika utuandikie, mwanangu,” mama humwambia kijana wake, na kumtia mkononi kifurushi cha chakula ambacho kingewatosha watu watatu.

Chombo kilichopita katika bandari ndogo za Winam, yaani Homa Bay, Kendu Bay na nyinginezo, watu walikiita stima. Siku hizi neno hilo kwa watu wa Kenya lina maana ya umeme, lakini kwanza lilikuwa jina la meli ya moshi. Stima ilikizunguka Kilima cha Homa, ikaelekea mashariki mpaka Kisumu. Msafiri wa Mwanza aliyetoka Migori, basi, alianza safari ya kusini kwa kwenda kaskazini, kisha baadaye usiku akapitishwa tena karibu na vilima vya kwao, safari hii akiwa ndani ya meli kubwa. Wako waliolalamika kwamba wamelipa nauli ili kurudishwa nyumbani.

Meli kubwa ya mwaka ule ilikuwa Victoria, iliyoanza kazi mwaka huo huo wa 1961. Msafiri aliyesimama chini yake katika gati la Kisumu hakuona meli. Aliona ukuta wa chuma. Ilimlazimu arudi nyuma ili aone inaanzia wapi na inaishia wapi. Swali la kwanza alilojiuliza lilikuwa la akili: kitu kikubwa namna hii kimeingiaje katika ziwa lisilo na mlango? Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya bahari, na Mto Nile unaotoka humo umejaa maporomoko, wala hakuna chombo kiwezacho kuupanda toka baharini.

Jibu ni kwamba meli ililetwa kwa gari la moshi. Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow mjini Glasgow, Scotland. Katika kazi ya namna hii mafundi huiunganisha meli kwanza huko huko kwao, wakaipima, wakatia namba juu ya kila kipande, kisha wakaifumua yote na kuitia vipande vipande katika meli nyingine. Vipande huteremshwa Mombasa, vikapandishwa reli mpaka Kisumu, na huko mafundi wa gudi huvikusanya upya kwa kufuata zile namba. Ndivyo meli za ziwa hili zilivyopatikana tangu ile ya kwanza iliyoitwa William Mackinnon, ambayo iliteremshwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Vipande vyake vilitaabika njiani miaka kadhaa. Mtu akizijua habari hizi huitazama meli kwa jicho jingine. Kila msumari wake umepandishwa mlima.

Haya, kijana amepanda. Ngazi imetikisika chini ya miguu yake, na kwa hatua moja ameacha ardhi. Kitu cha kwanza kinachomjia ni harufu: rangi mpya, mafuta ya injini, na vitunguu vinavyokaangwa jikoni. Cha pili ni sakafu. Mtumbwi huyumba, lakini meli kubwa iliyofungwa gatini haiyumbi. Hutetemeka tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, kwa kuwa mashine zimekwisha kuwashwa. Ngazi za ndani ni za chuma na zimesimama wima, na mtu mwenye mzigo kichwani hujifunza upesi kwamba milango ya melini ni mifupi. Vizingiti vimeinuliwa ili kuzuia maji, nao hujikwaa kila mgeni. Na kelele zote hizo, minyororo, winchi ikiteremsha shehena ngamani, sarahangi akiwaamuru mabaharia, hunyamazishwa ghafula na honi, ambayo mgeni huisikia tumboni kabla hajaisikia masikioni.

Daraja la kwanza lilikuwa juu, na vyumba vyenye vitanda na shuka. Daraja la tatu lilikuwa sitahani, na kila mtu alilala alipowahi kutandika mkeka wake. Tiketi hazikuandikwa rangi ya mtu. Lakini siku zile rangi ya mtu na mfuko wake vilikuwa ndugu, na ilijulikana bila kusemwa ni nani angelala juu na nani angelala chini ya nyota. Wajuzi walikimbilia mahali palipo karibu na ukuta wa mashine, kwa sababu usiku wa ziwani ni baridi. Vile vile upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani nyakati za usiku, na dhoruba za ngurumo huzuka huko katikati kabla ya alfajiri. Mwenye mkeka ukingoni hulowa wa kwanza.

Sasa na tumrudie karani wa ngazini. Katika meli nyingi za abiria, wala si katika ziwa hili tu, ilikuwa desturi kwamba mwenye chumba huandikwa jina lake na namba ya chumba chake, bali mtu wa sitahani hukatiwa tiketi tu, akapita. Mgeni aliyepita hivyo alifurahi kwamba hakucheleweshwa. Hakufahamu kwamba amepanda meli bila kuwamo katika kitabu chake.

Kwa nini karani ahesabu watu? Wengi hujibu: kwa ajili ya fedha za nauli. Hiyo ni nusu ya jibu. Meli nyingi zina alama iliyochorwa ubavuni, duara iliyokatwa na mstari, na maji hayapaswi kuufunika mstari ule. Sheria ya Uingereza ililazimisha alama hiyo mwaka 1876, baada ya Bwana Samuel Plimsoll kuwashindania miaka mingi mabaharia waliokuwa wakizamishwa na tamaa ya matajiri wao. Tena maji matamu ya ziwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo shehena ile ile huididimiza meli zaidi hapa kuliko Mombasa.

Lakini alama ya ubavuni haisemi yote. Mzigo wa ngamani huituliza meli, kama farumi inavyolituliza jahazi. Mzigo wa juu huilegeza. Na watu ni mzigo wa juu, tena ni mzigo wenye miguu. Gunia la mahindi halikimbii upande wa kulia kwa sababu limeona bandari. Watu hukimbia. Meli iliyojaa sitahani kupita kipimo huweza kuonekana imara kabisa ikiwa gatini, hata mgeni akasema, “Chuma kikubwa namna hii, watu kidogo wataifanya nini?” Ukubwa ule ule uliomshangaza ndio unaomdanganya.

Jioni ya tarehe 20 Mei, 1996, meli iitwayo Bukoba iliondoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia Kemondo na kuongeza abiria. Kipimo chake kilikuwa watu 430. Kitabu cha karani kilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuandikwa kabisa. Asubuhi ya tarehe 21, si mbali na Mwanza, meli ililala ubavu, kisha ikapinduka. Haikuzama mara moja. Baadhi ya watu walikuwa wangali hai ndani, wakigonga chuma, na walio nje waliwasikia. Ubavu ulipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiielekeza meli juu ikatoka, na meli ikaenda chini. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilikuwa 894, lakini wako waliokadiria kuwa ni zaidi, wala hapakuwa na kitabu cha kuwasahihisha. Maiti wengi walizikwa katika makaburi ya Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Jamaa waliokuja kuuliza gatini waliambiwa watazame orodha, na wale wa sitahani hawakuwamo.

Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo watu wangehesabiwa mmoja mmoja. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikiwa na watu waliotoka gulioni Bugolora. Kiliruhusiwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Fundi mmoja alikutwa hai siku mbili baadaye, mahali palipobaki hewa karibu na mashine.

Victoria yenyewe ilikuwa na bahati njema zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 iliangukia upande wa Tanzania, ikafanya kazi mpaka ikachoka, ikatengenezwa upya, na mwaka 2020 ikarudi majini kati ya Mwanza na Bukoba ikiruhusiwa watu 1,200. Homa Bay haikurudiwa na fahari ile. Mwenye kuvuka kutoka Mbita leo hupanda kivuko cha magari kwenda Luanda Kotieno, au boti ya mbao yenye mashine nyuma iendayo visiwani, na mwenye boti husubiri mpaka ijae, halafu husubiri kidogo tena.

Katika boti hizo hakuna ngazi ya chuma, wala honi, wala karani mwenye kofia. Mara nyingi yupo kijana tu anayepokea nauli huku mguu mmoja ukiwa majini. Yafaa abiria amwulize kijana huyo mambo mawili kabla hajaketi: koti la kuelea liko wapi, na boti imeandikiwa watu wangapi. Kisha awahesabu walioketi. Akiona wamezidi, ashuke. Nauli yake haijapotea maadamu boti haijaondoka. Akiona hawajazidi, na daftari lipo, asimame hapo mpaka aone jina lake limeandikwa, pamoja na la mtoto aliye mgongoni, hata kama walio nyuma yake wanamsukuma na kusema anachelewesha safari.