Sauti ya Mgeni Isizimwe

(Hotuba kwa viongozi wa walei, semina ya Haki na Amani)



Ni chache jumuiya zetu ndogo ndogo zisizo na kijana wake Arabuni. Wamekwenda kutumika majumbani, kulinda milango na kuendesha magari. Twawaombea kila juma. Leo tutafakari jambo tusilolitaja katika sala hizo: simu zao.

Katika Falme za Kiarabu, maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita kwa WhatsApp, lakini kupigiana simu kwa njia hiyo kumezuiwa. Huduma hiyo huruhusiwa kwa wenye leseni tu. Saudi Arabia nayo ilikuwa na zuio la namna hiyo hadi Septemba 2017, ilipoliondoa. Kwa tajiri huo ni usumbufu mdogo. Kwa mtumishi wa ndani, ambaye hutoka nje kwa nadra, ni ukuta wa pili juu ya ule wa nyumba ya mwajiri. Sauti iliyorekodiwa yaweza kusema "sijambo" huku mwajiri amesimama kando. Katika mazungumzo, mama husikia mwanawe anapositasita, akauliza tena.

Wako wanaouruka ukuta huo kwa programu za kuficha anwani, ziitwazo VPN. Tusiwahukumu, bali tuwaambie ukweli. Sheria Na. 34 ya mwaka 2021 ya nchi hiyo yasema kwamba anayeficha anwani yake ili kutenda kosa, au kosa lisigunduliwe, aweza kufungwa, au kutozwa faini ya dirham 500,000 hadi 2,000,000, au yote mawili. Hata kiwango cha chini ni mshahara wa miaka mingi wa mtumishi.

Hata hivyo, tusinyoshe kidole ng'ambo tu. Nchini Uganda intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hapa Tanzania ilizimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na kwa siku kadhaa zilizofuata. Ndugu zetu walio ugenini walisikia habari za vifo, wasiweze kujua kama wa kwao wamo. Tukidai haki kwa mataifa ya wengine na kuinyamazia nyumbani, madai yetu hayana uzito.

Papa Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, alizitaja pamoja haki za binadamu, miongoni mwazo haki ya kupata habari za kweli na haki ya kuhama. Basi anayevuka mpaka hazivui haki zake kama avuavyo viatu mlangoni.

Tufanye nini?

1. Kabla ya safari, familia na msafiri wapatane siku ya kuongea kwa simu ya kawaida, na neno la siri la kuashiria hatari.

2. Msafiri aandike kwenye karatasi namba za nyumbani na za ubalozi, kwani simu yaweza kunyang'anywa.

3. Parokia iwe na daftari la walio ng'ambo. Anayenyamaza afuatiliwe mapema.

4. Tuwaombe viongozi wetu waingize haki ya mawasiliano katika mapatano ya ajira na nchi hizo.

Bwana wetu alikuwa mgeni Misri akiwa mtoto mchanga. Anayemsikiliza mgeni, humsikiliza Yeye.

Amani ya Kristo iwe nanyi.