Lango Moja Limefungwa, la Pili Wazi
(Hotuba kwa wanachama wa Tarime na Serengeti)



Tulipokuwa Mugumu kijana mmoja alituuliza swali, wala hatukumjibu vizuri. Alisema: mwaka 1965 Tanzania ilikuwa nchi changa na maskini; tulipata faida gani kuvunja ubalozi na Mwingereza kwa ajili ya Rhodesia, nchi ambayo hata hatupakani nayo? Tumekuja kulipa deni hilo.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wake, watu laki mbili na ushee, walijitangazia uhuru juu ya vichwa vya Waafrika milioni nne. Rhodesia ilikuwa koloni la Mwingereza, na kwa sheria yake mwenyewe huo ulikuwa uasi. Waafrika walipoasi Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu huu, walipelekewa majeshi. Smith hakupelekewa. Waziri Mkuu Wilson alikwisha kusema mapema kwamba hatatumia nguvu. Atatumia vikwazo vya uchumi.

Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba, wakakata shauri: uasi usipokomeshwa ifikapo tarehe 15, kila mwanachama avunje ubalozi na Mwingereza. Siku ikafika. Nchi zilizotimiza zilikuwa chache, na katika Jumuiya ya Madola tulikuwa sisi na Ghana tu. Kenya na Uganda hazikuvunja. Zambia nayo haikuvunja, lakini hiyo hatuilaumu: reli yake, mafuta yake na makaa yake ya mawe vilipitia kwa Smith.

Sasa hivyo vikwazo. Ninyi wa Sirari hamhitaji mwalimu. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 mpaka 1983, na wazee wanajua kama njia za panya nazo zilifungwa! Vikwazo vya Rhodesia vilikuwa hivyo hivyo. Tangu mwaka 1966 manowari za Mwingereza zililinda Beira ili mafuta yasishuke, na huku mafuta yakiingia kwa Smith kupitia Lourenço Marques na Afrika Kusini. Mwaka 1978 ripoti ya Bingham, iliyoagizwa na serikali ya Mwingereza yenyewe, ilionyesha kwamba makampuni ya mafuta ya Mwingereza yalikuwa na mkono humo. Mfugaji gani hapa hufunga lango moja la zizi, akaacha la pili wazi, kisha akajisifu kuwa amezuia ng'ombe? Wilson aliwaambia wakuu wenzake kule Lagos, Januari 1966, kwamba ni jambo la majuma, si la miezi. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980.

Na sisi tulilipa. Mkopo wa pauni milioni 7.5 tulioahidiwa ulizuiwa, wakati Mpango wetu wa kwanza wa Miaka Mitano ukihitaji kila senti. Juu ya hayo Zambia ikawa haina mafuta, malori yakayabeba kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbaya sana, mpaka bomba lilipokamilika mwaka 1968.

Tuseme kweli pia: kuvunja kwetu hakukumwangusha Smith. Mwaka 1968 tulirudisha ubalozi naye akiwa bado kitini. Kijana wetu wa Mugumu ana haki ya kuuliza.

Lakini Mwalimu, mtoto wa Butiama hapa hapa Mara, alipolihutubia Bunge tarehe 14 Desemba, hakuahidi kwamba Smith angeanguka. Alizungumzia heshima ya Afrika: neno tumelitoa Addis Ababa, je, tulitimize au tulimeze? Wapigania uhuru wa kusini walikuwa na ofisi zao Dar es Salaam, wakitutazama. Kama tungelimeza siku ile kwa sababu ya mkopo, wangetuamini kwa lipi katika miaka 14 iliyofuata? Hiyo ndiyo faida tuliyoipata, ndugu, na haikuandikwa katika hesabu za pauni.

Wazee mliokuwa watu wazima mwaka ule, tunawaomba muanze ninyi. Vijana watauliza baadaye.