Kufanya Kazi Ukiwa Liboi: Uhuru Uliopo na Vikwazo Vyake

Matini ya mazungumzo kwa vijana, wazazi na walimu wa Liboi, Kaunti Ndogo ya Dadaab



Liboi inaujua mpaka. Mwaka 1991 watu waliokimbia vita nchini Somalia waliingilia hapa. Mwaka 2007 mpaka ulifungwa rasmi. Mei 2023 serikali ya kitaifa ilitangaza kwamba ungefunguliwa kwa awamu, Liboi ikitajwa pamoja na Mandera na Kiunga, lakini Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi, ufunguzi ukaahirishwa. Mfanyabiashara wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya lori kusimama. Ndiyo sababu vijana wengi wanavutiwa na kazi ambayo bidhaa yake haipandi lori wala haipiti kizuizini: mtu anatafsiri barua, anaandika maneno ya sauti iliyorekodiwa, anahariri video au anapanga hesabu za duka, kisha anaituma kazi hiyo kwa mteja asiyemwona kamwe, na malipo yanarudi kwa njia hiyo hiyo.

Maneno "fanya kazi popote" yana sura mbili nchini Kenya. Sura ya kwanza ni ya mgeni. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kibali maalumu kwa raia wa kigeni wanaofanyia kazi za nje wakiwa hapa nchini, na mgeni huyo mara nyingi anafikiria Diani, Lamu au Nairobi. Kwake, popote ni mahali pa kuhamia. Sura ya pili ni ya kijana wa Liboi, na hiyo haitangazwi sana. Kwake, popote ni mahali pa kubaki. Miaka yote, aliyemaliza kidato cha nne na kutaka mshahara alipanda basi kwenda Garissa mjini au Eastleigh, akapanga chumba na wenzake, akala nusu ya kipato na kutuma nyumbani kilichosalia. Anayelipwa akiwa Liboi halipi kodi ya chumba Eastleigh. Shilingi elfu kumi zinazoingia hapa zina uzito mwingine kabisa, na mzazi akiugua usiku mtoto yupo.

Wazo hili si geni katika eneo hili. Mwaka 2009 Samasource, shirika lililoanzishwa na Leila Janah mwaka uliotangulia, lilishirikiana na CARE kuwapa wakimbizi wa Dadaab kazi ndogo ndogo za kompyuta zilizotoka Marekani. Hapo wengi hawakuamini kwamba kambi iliyo jangwani ingeweza kuuza kazi ya namna hiyo. Baadaye Baraza la Wakimbizi la Norway na Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, walifundisha vijana wa Dadaab kutafuta wateja mtandaoni, na kati yao kikazaliwa kikundi cha Dadaab Collective kinachofanya kazi za tafsiri, unakili wa sauti na usanifu wa picha. Waliingia sokoni wakiwa kikundi, na hilo lina maana kubwa. Kompyuta ikiharibika kwa mmoja, kazi inamalizwa na mwingine. Mteja akikataa kulipa, anadaiwa na watu kumi. Upande wa kitaifa, mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka 2016 umefundisha vijana kazi hizi bila malipo, na masomo yake yanapatikana pia kwa simu.

Liboi ina bidhaa moja ambayo Nairobi haina kwa wingi: Kisomali. Katika miji kama Minneapolis, London, Toronto na Stockholm wapo maelfu ya watu wanaozungumza Kisomali, na hospitali, shule na mahakama za huko zinahitaji wafasiri. Mtoto wa Liboi anazungumza Kisomali nyumbani, anasoma Kiswahili na Kiingereza shuleni. Lugha tatu! Tatizo ni moja, na wazazi walisikie. Wengi wa vijana hawa wanakizungumza Kisomali vizuri lakini hawajawahi kufundishwa kukiandika. Hati ya Kisomali kwa alfabeti ya Kilatini ilirasimishwa Somalia mwaka 1972, nayo ina kanuni zake: irabu ndefu huandikwa mara mbili, na herufi c na x zina sauti ambazo Kiingereza hakina. Mteja anayelipa vizuri ataliona kosa hilo katika mstari wa kwanza. Mwalimu anayeweza kufundisha uandishi huo jioni, mara mbili kwa wiki, atawafaa vijana kuliko semina tatu za hotelini.

Kuna uhuru wa saa pia. Anayepanga kazi yake mwenyewe anaswali Ijumaa bila kuomba ruhusa, na mwezi wa Ramadhani anaweza kufanya kazi baada ya tarawehe na kupumzika mchana wa joto. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kufanya saa mbili asubuhi na mbili usiku, na wasichana ambao familia haziko tayari kuwaruhusu kwenda mbali wanapata mlango. Lakini uhuru huu una mwenyewe, naye ni mteja. New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 7 au 8 kulingana na majira. Mkutano wa saa nne asubuhi kule, wakati wa baridi yao, ni saa kumi na mbili jioni hapa, karibu na adhana ya magharibi, wakati ambapo nyumba imejaa, mbuzi wanarudi na chai inachemka. Mama aliye nyumbani huonekana hana kazi, kwa hiyo hutumwa. Familia ikikubali kwamba saa fulani ni za kazi, hata kama anayefanya kazi amekaa kwenye mkeka na simu mkononi, nusu ya shida imekwisha.

Umeme na mtandao ndivyo vilio vinavyosikika zaidi. Inashangaza kidogo kwamba kaunti hii ina mtambo mkubwa wa umeme wa jua, wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ilhali nyumba nyingi za vijijini hutegemea paneli moja juu ya bati. Paneli hiyo huchaji simu bila taabu. Kompyuta inahitaji betri nzuri, na joto la hapa huzeesha betri haraka. Kwa mtandao, ukweli ni kwamba mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa chini ya Katiba. Kaunti haitoi leseni wala haijengi minara. Inaweza kuitaka Mamlaka ya Mawasiliano itumie Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyowekwa kwa ajili ya maeneo yasiyovutia kampuni. Na minara ya ukanda huu wa mpaka imewahi kulipuliwa na magaidi. Mnara ukianguka, kazi ya wiki nzima inaweza kupotea pamoja na sifa ya mfanyakazi. Wenye uzoefu humwambia mteja mapema kwamba wapo mahali ambapo mtandao hukatika, hukubali muda mrefu zaidi wa kukabidhi kazi, na huandika kila kitu nje ya mtandao kabla ya kutuma. Simu za video za kila siku si kazi ya Liboi kwa sasa. Tafsiri na unakili, ndiyo.

Ziko kazi za kukataa. Kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu kumewalipa Wakenya wengi, lakini ni udanganyifu, na Uingereza iliipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Kukodi akaunti ya mtu mwingine ni mtego mbaya zaidi: mwenye akaunti ndiye anayepokea fedha, na siku akiamua kukaa nazo hakuna wa kumshtaki, kwa kuwa mkataba wenyewe ulivunja masharti ya jukwaa. Anayeombwa alipe ada kwanza ili apewe kazi ajue kwamba hapo hakuna kazi.

Kazi hii haina mwajiri wa kumtunza mtu. Hakuna anayemkatia mchango wa NSSF wala wa bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 mchango wa SHA ni jukumu lake mwenyewe, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Hata walioajiriwa Nairobi kukagua maudhui ya Facebook, baadhi yao kwa ajili ya lugha kama Kisomali, walilazimika kwenda mahakamani, na ni Septemba 2024 tu Mahakama ya Rufani iliposema kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Anayefanya kazi peke yake hana hata huo uzito wa wengi. Ushuru nao upo: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na taarifa ya mapato hupelekwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka.

Limebaki kubwa kuliko yote, nalo halihusu kompyuta. Laini ya simu inataka kitambulisho. M-PESA inataka laini. PIN ya KRA inataka kitambulisho. Majukwaa ya kazi yanataka picha ya kitambulisho na ya uso. Kwa miongo mingi mkazi wa kaunti hizi alipitia uhakiki wa ziada ambao Mkenya wa Nyeri hakuujua, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba umeondolewa. Na wapo Wakenya ambao wakati wa njaa waliandikishwa kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula au shule, kisha alama zao za vidole zikawazuia kupata kitambulisho walipofika miaka 18. Kijana wa namna hiyo anaweza kutafsiri kurasa 20 kwa siku, na bado hana mahali pa kupokelea malipo.

Kwa hiyo aliyefika miaka 18 na hana kitambulisho aanze na chifu kabla ya kununua bando, akiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Ambaye alama zake ziko kwenye rejista ya wakimbizi aseme hivyo waziwazi tangu mwanzo, aandamane na mzee wa ukoo anayemjua, na aombe kila jibu kwa maandishi.