Remoki yetu na gari refu: tufunge kwa kipimo, tusifunge kwa macho

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Ariwara



Kamati iliniomba niongee juu ya remoki. Najua wengine mlitazamia mbegu, ama mambo ya karte. Lakini mbegu hizo, mabati, miti ya kujengea na mavuno ya mama wa maharagwe, vyote vinapita juu ya chuma kimoja kidogo kinachounganisha gari na remoki. Chuma hicho kikiachia kwenye mteremko, kilo elfu na zaidi zinatembea peke yao barabarani. Na barabara zetu mnazijua: kando yake kuko watoto wa shule, kuko mama na beseni kichwani, kuko watu wa baiskeli. Ndiyo maana nimekubali kuongea.

Hali yetu ni hii. Familia zinarudi kutoka Rhino Camp, Imvepi na kwingine ng'ambo, zinavuka na masufuria, magodoro na mabati machache. Tuko na pikapu moja, Land Cruiser, ambayo resori zake ziliinuliwa ili ipite kwenye mashimo na matope. Tuko pia na remoki iliyonunuliwa kuukuu upande wa Arua, yenye magurudumu madogo. Pikapu nyuma iko juu, shingo ya remoki iko chini. Fundi mmoja amesema atachomelea kichwa cha chuma kwenye pareshoki kwa bei ndogo, kazi ya nusu siku. Bei inapendeza. Mimi naomba tusikubali, na nitaeleza sababu.

Kwanza, pareshoki haikutengenezwa kuvuta. Kazi yake ni kupokea kugongwa kidogo. Kiungo cha kuvutia kinapaswa kushika vyuma viwili virefu vya shasi, kulia na kushoto, kwa buloni za nguvu, zile zenye namba 8.8 ama 10.9 iliyopigwa kichwani. Kila shimo la barabara linavuta, linasukuma na kunyanyua. Pareshoki itapasuka polepole, chini ya rangi, na hakuna atakayeona mpaka siku inapokatika. Tena kichwa chenyewe hakichomelewi kamwe: moto unaharibu ugumu wa chuma chake. Kinafungwa kwa ekru.

Pili, kimo. Hapa ndipo gari refu linaleta shida. Remoki inapaswa kukaa sawa, kama meza. Shingo ikiinuliwa ili ifikie gari refu, mzigo unaegemea nyuma, shingo inakuwa nyepesi, na kwenye mwendo remoki inaanza kucheza kulia na kushoto kama mkia wa samaki. Shofere akifunga freni kwa ghafula wakati huo, inaweza kumgeuza. Shingo ikishuka mno, sehemu ya nyuma ya pikapu inalemewa, magurudumu ya mbele yanakosa uzito, usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangaza miti badala ya barabara. Ikibidi kuchagua, heri shingo ishuke kidogo kuliko kuinuka.

Basi tunapima namna gani? Tafuteni mahali tambarare. Pakieni pikapu mzigo wake wa kawaida, kwa sababu gari tupu linadanganya. Pimeni kutoka ardhini hadi ukuta wa juu wa ndani wa tundu la mraba linalopokea chuma cha kuvutia. Halafu wekeni remoki sawa juu ya gogo, mpime kutoka ardhini hadi mdomo wa chini wa kikombe chake. Toeni namba ya pili kwenye ya kwanza. Kama gari linasema sentimeta 66 na remoki inasema 44, tofauti ni 22. Tunahitaji chuma cha ngazi kinachoshuka 22.

Lakini angalieni. Chuma kinachoshuka sana kinafanya kazi kama mpini mrefu wa jembe: kinakunja tundu kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo uzito ulioandikwa kwenye chuma uwe ni wa kushuka kwa urefu ule ule. Tena chuma cha chini kitakwaruza ardhi gari linapotoka kwenye shimo. Kwa barabara ya kwenda Ingbokolo wakati wa mvua, 22 ni nyingi.

Ndiyo maana napendekeza tugawe kazi: remoki ipande kidogo, gari lishuke kidogo. Tuweke kwenye remoki magurudumu ya ukubwa ule ule wa pikapu, kama ekseli na nafasi zinaruhusu. Hapo remoki itapanda, na faida nyingine ni kwamba gurudumu moja la akiba litasaidia vyote viwili. Zile sentimeta zinazobaki tuzimalize kwa chuma cha ngazi kifupi. Tusipandishe remoki bila mpaka, maana ikiwa ndefu na imejaa mbao, itapinduka kwenye kona.

Tatu, kichwa na kikombe. Hapa soko linachanganya watu. Ulaya kichwa ni milimita 50. Marekani wanatumia inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja. Kichwa cha 50 ndani ya kikombe cha inchi 2 kinalegea, na siku ya kuruka juu ya shimo kinaweza kutoka. Kichwa cha inchi 2 ndani ya kikombe cha 50 hakifungi vizuri, na mtu anaanza kukipiga nyundo. Someni namba iliyopigwa juu ya vyote viwili. Kama imefutika kwa kutu, beba kipimo cha fundi, usibebe imani.

Mtaniuliza: na ile ndoano na pete, kama ya magari ya kijeshi? Ni nzuri kwa barabara mbaya, kwa sababu inaruhusu remoki kupinda zaidi kuliko kichwa na kikombe. Ubaya wake, inapiga kelele na kugonga gonga, na ni nzito. Kama siku moja tutanunua remoki kubwa zaidi, tuifikirie. Lakini hata ndoano haiponyi kimo kibaya. Nayo inapimwa vilevile.

Nne, uzito. Remoki yetu tupu tuihesabu kilo 500. Tukiweka magunia 10 ya kilo 100, tunafika 1,500. Shingo inapaswa kukandamiza kichwa kwa karibu sehemu moja ya kumi, yaani kilo 150. Hiyo ni sawa na gunia moja na nusu lililokaa nyuma ya pikapu, basi lihesabiwe ndani ya mzigo wa pikapu yenyewe. Kuipima si vigumu: omba baskule ya depo, weka shingo juu yake kwa kipande cha mti chenye kimo cha kichwa, usome. Ikiwa nyepesi, sogeza magunia mbele ya ekseli. Ikiwa nzito, yarudishe nyuma kidogo.

Na freni. Nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu remoki isiyo na freni mpaka jumla ya kilo 750 tu. Yetu ikijaa inafika mara mbili ya hapo. Mpaka freni zake zitengenezwe, naomba isizidi 750 pamoja na uzito wake: yaani tusipakie zaidi ya kilo 250. Najua hii itawaudhi wenye mavuno. Safari zitakuwa nyingi na mafuta yatapanda. Lakini Land Cruiser kusukumwa na remoki kwenye mteremko wenye tope, hilo halina dawa.

Tano, minyororo miwili, ipishane chini ya shingo. Kikombe kikitoka, shingo inaangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba ardhi. Taa za nyuma ziwake. Na hakuna mtu kukaa ndani ya remoki, hata mtoto, hata kama mvua inakuja, hata kama ni familia ya mjumbe wa kamati.

Ndugu wafadhili, kwenye hesabu mtaona mstari wa «kiungo, magurudumu na freni» ulio mkubwa kuliko ule wa kuchomelea. Sasa mnajua unalipa nini.

Mwenyekiti, naleta maombi matatu mkutano uyapigie kura. Moja, kazi ya pareshoki isimamishwe. Mbili, wanachama wawili na shofere wapime gari na remoki kama nilivyoeleza, waandike namba, na karatasi hiyo iende sokoni pamoja na pesa. Tatu, mpaka freni zipone, kilo 250 ndiyo mwisho, na shofere awe na haki ya kukataa mzigo bila kugombezwa na mtu yeyote.

Shofere wetu yuko hapa. Muulizeni yeye maswali kwanza, kwa sababu ndiye anayekaa mbele ya remoki ile.